Tarakimu Tano Baada ya Nukta

Profesa Ambani alizikwa kwao magharibi, lakini ibada ya kumkumbuka ilifanyiwa Buruburu, katika kanisa lililo karibu na nyumba yake, na mimi nilienda. Sikwenda kuomboleza. Nilienda kwa sababu Mama Lydia, mkewe, alinipigia simu yeye mwenyewe, na Mama Lydia hajawahi kunikosea. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikawasikiliza watu wa suti wakisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu marehemu kwa lile jarida lake la jiolojia. Walisema alifungua milango ya elimu. Walisema kabla yake mwanafunzi wa Kenya alilazimika kulipia ndipo asome habari za mawe anayoyakanyaga kila siku. Hilo ni kweli, na lilinikera zaidi kwa kuwa ni kweli. Mmoja wao, ambaye nadhani hakuwahi hata kumpa Profesa mkono, alisema jarida lilizaliwa katika chumba kidogo cha unyenyekevu. Nikacheka kwa sauti, mama mmoja akageuka kunitazama. Chumba hicho nakijua. Nilifanya kazi humo mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu, na unyenyekevu sikuuona.

Kilikuwa saluni. Mama Lydia alikijenga nyuma ya nyumba, jinsi watu wa Buruburu walivyozoea kuongeza chumba hapa na chumba pale mpaka ua ukaisha, akasuka watu humo miaka mingi hadi mgongo ulipomkataza. Profesa alipoanzisha jarida aliingiza meza na kompyuta, lakini hakutoa kitu. Vioo vilibaki ukutani pande zote mbili. Mashine ya kukaushia nywele, ile ya kuingiza kichwa, ilibaki kwenye kona, na Oti, mwenzangu aliyeshughulikia tovuti, aliitundikia koti lake. Palinuka dawa ya nywele kila jua lilipochoma mabati, na kuanzia saa nne asubuhi palinuka pia mafuta ya chipsi kutoka kibanda cha jirani. Mawe yalikuwa kila mahali: juu ya kabati la rola za nywele, chini ya meza, na moja kubwa la rangi ya maziwa na damu lililozuia mlango usijifunge. Kwa sababu ya vioo hukuweza kumkwepa Profesa. Hata ukimpa mgongo ulimwona mbele yako, na yeye alikuona. Alipenda kuzungumza akijitazama.

Kazi yenyewe niliipenda, sitasema uongo. Mtafiti alituma makala yake kuhusu udongo, volkano, maji ya chini ya ardhi, chochote cha namna hiyo. Mimi nilifuta jina lake na kuituma makala kwa wahakiki wawili, yaani wataalamu wanaosoma na kukosoa bila kumjua mwandishi. Maoni yao yaliporudi nilimpelekea mwandishi, akarekebisha, akanung'unika, akarekebisha tena. Mwishowe niliipanga kurasa, Oti akaiweka kwenye tovuti, na kuanzia hapo mtu yeyote duniani aliweza kuisoma, kuipakua, kuinakili na kuigawa bila kulipa na bila kumwomba mtu ruhusa. Profesa aliita jambo hilo "uwazi". Alilitamka neno hilo polepole, macho yakiwa juu, na sisi tulisubiri amalize ndipo tuendelee kula.

Maana tulikula pamoja kila mchana, kwenye meza iliyokuwa ya kupaka watu rangi za kucha. Mama Lydia alituletea ugali na mrenda, siku nyingine omena, siku nyingine kunde zilizochacha kidogo kwa maziwa, na chai nzito ambayo mpaka leo sijapata ya kuilinganisha nayo. Profesa alikula haraka na kuhubiri taratibu. Alituambia kwamba majarida makubwa ya ng'ambo ni maduka, kwamba yanachukua jasho la watafiti na kuwauzia tena. Tukakubali. Alituambia kwamba siku moja fundi wa kisima wa Mwingi na mkulima wa Bungoma watasoma jarida letu kwenye simu. Tukakubali hilo pia. Oti alipenda kumchokoza: "Prof, huyo fundi wa kisima atasoma hii Kizungu yenu yote kweli?" Profesa alimjibu kwamba uwazi haubagui. Nilikuwa mchanga, nikadhani mtu anayesema maneno hayo kila siku anayaamini.

Kisha ikaja makala ya Mutua. Nilimjua Mutua kutoka chuoni, ingawa alikuwa mbele yangu. Alikuwa mtu wa Kitui, mwembamba, mpole, aliyepanga chumba Majengo na kuvaa akala za matairi za Kariokor hata siku ya kutetea tasnifu, kwa kuwa alisema viatu vya ngozi vinamdanganya kuhusu ardhi. Alikuwa akitafuta kazi ya kufundisha chuo kikuu, na chuo hakikutaka hata kuona barua yake kama hakuwa na makala iliyochapishwa. Makala yake ilihusu kilima kilicho nyuma ya shamba la mama yake, jinsi miamba yake ilivyopikwa chini kabisa ya ardhi kabla ya kusukumwa juu. Ilikuwa kazi nzuri, ya subira. Wahakiki wote wawili waliisifu. Mmoja aliuliza tu kuhusu sampuli moja ambayo Mutua aliitaja kwenye jedwali la mwisho kama mtu anayekohoa kando: punje chache za ganeti ya kijani, jiwe ambalo sonara hulipenda kuliko mwanajiolojia.

Chini ya jedwali hilo Mutua alikuwa ameandika ombi. Aliomba mahali alipookota sampuli patajwe kwa jina la soko la karibu tu, bila namba za GPS. Alikuja mwenyewe kutueleza. Nakumbuka alivyosimama kati ya vioo, akiwa wengi, akisugua mikono. Alisema chini ya mwamba ule ipo chemchemi, na kijiji kizima kinachota hapo, na mama yake ndiye analima chini yake. "Prof, watu wa vito wakijua mahali, watachimba," alisema. "Na ule mwamba ndio unashikilia maji. Ukiuvunja, maji yanaenda." Hakuinua sauti. Alisema mara moja tu, akaeleza kwa nini mwamba unashikilia maji. Mimi nilidhani jambo limekwisha. Nani angesikia hayo akabisha?

Profesa alibisha. Jarida letu lilikuwa limeomba kuingizwa kwenye orodha moja kubwa ya kimataifa ya majarida huria, na sharti la orodha hiyo lilikuwa kwamba kila makala itoe data zake zote, kamili, ili mtafiti mwingine aweze kwenda pale pale na kupima upya. Wakaguzi wa orodha wangesoma toleo lile lile lenye makala ya Mutua. "Kijana wangu," alimwambia kupitia kwenye kioo, "sayansi yenye siri ni uganga. Ukinificha mahali, nitajuaje hukuokota mawe yako sokoni Gikomba?" Mutua alisema anaweza kumpeleka mhakiki yeyote hadi pale. Profesa akatikisa kichwa. Mimi nikaingilia. Namba za GPS huandikwa kwa desimali, na kila tarakimu unayoongeza baada ya nukta inakusogeza karibu. Ukiweka tarakimu mbili, unamwonyesha msomaji kijiji. Ukiweka tano, unamsimamisha mlangoni pa mtu. Nikasema tuweke mbili, tuandike kwamba zimepunguzwa kwa makusudi, na mtafiti mwenye haja ya kweli amwandikie Mutua. Majarida mengine hufanya hivyo kwa mapango, kwa visukuku, kwa makaburi ya kale. Profesa aliniuliza tangu lini mpangaji wa kurasa anaweka sera.

Siku iliyofuata nilirudisha vyombo jikoni, nikawasikia wakizungumza yeye na mkewe. Mlango ulikuwa wazi, sikujificha. Mama Lydia alikuwa akichambua mboga. "Si umwondolee tu hizo namba, Baba Lydia," alisema. "Ni shamba la mamake." Profesa akamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza: "Nani atasoma? Niambie wewe. Jedwali la mwisho la makala ya miamba ya Kitui, nani atalifungua? Wanajiolojia kumi, na tisa kati yao nawajua kwa majina. Yule kijana anaogopa kivuli chake." Mama Lydia aliniona mlangoni, akainamisha macho kwenye mboga. Nikaweka sahani kwenye karo na kutoka.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuyatafuna maneno hayo, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Kama angechukua hongo kwa dalali wa vito ningemwelewa haraka zaidi. Hakuchukua. Alikuwa mtu msafi, alivaa sweta moja miaka yote, na alilipa umeme wa jarida kutoka mfukoni mwake. Lakini kila mchana alituambia kwamba ulimwengu wote utasoma, na jikoni alimwambia mkewe kwamba hakuna atakayesoma. Uwazi kwake ulikuwa dirisha la kuwaonyesha wenzake, na wapita njia hakuwahesabu. Fundi wa kisima wa Mwingi alikuwa wa kupambia hotuba. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu asiye na digrii anaweza kufungua jedwali na kulielewa vizuri sana, kwa sababu zake mwenyewe. Watu wanaposimulia mambo ya ujana wao husubiriwa waseme kwamba nao walikuwa na makosa yao. Mimi katika hili sikukosea. Nilisema, nikapuuzwa, na ningali nasema.

Mutua alikubali. Simlaumu. Alikuwa ameambiwa kwamba bila namba makala haitoki, na bila makala hakuna kazi. Nafasi ya chuo ilikuwa karibu kufungwa. Aliniambia nje ya lango, tukinunua mahindi choma, kwamba Profesa amemhakikishia ni watu wa fani tu wanaosoma majedwali. "Huenda anasema kweli," alisema. "Mimi ni mtu wa wasiwasi, hata mwaitu husema hivyo." Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Alikuwa amekwisha kumwambia mama yake kwamba kazi yake itatoka na jina lake litasomwa na watu wa mbali, na mama alikuwa amelia kwa furaha kwenye simu. Toleo likatoka. Tarakimu tano baada ya nukta, kila sampuli. Mama Lydia alipika kuku siku hiyo, Profesa akaomba kabla ya chakula, ombi refu, na nilipofumbua macho nilimwona Oti, yeye hakuwa ameyafumba kabisa.

Msimu wa mvua ulipoisha Mutua alinipigia simu akiwa sokoni kwao. Sauti yake sikuitambua. Alisema kuna watu wanachimba kilima, wamekuja na magari, wengine wanazidi kuja, chifu amewatimua wakarudi kwa mlango mwingine. Alisema mmoja wao ana makala yetu mkononi, imechapishwa kwenye karatasi, na jedwali limezungushiwa kalamu. "Nafula, iondoeni," alisema. "Iondoeni leo." Nilimgeukia Oti, akavuta kompyuta bila kuuliza. Baada ya muda akaondoa mikono kwenye kibodi. "Naeza itoa saa hii, Nafu," alisema. "Lakini ishaenda. Kuna site zingine zimeicopy, na hatuwezi waambia kitu. Si licence yetu ndio inasema chukueni mpeane." Nikamwambia aitoe hivyo hivyo. Akaitoa.

Profesa aligundua kabla ya chakula cha mchana. Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa kusema polepole zaidi kadiri alivyokasirika. Aliagiza makala irudi. Nikamwambia kinachotokea Kitui, neno kwa neno. Akasema anasikitika, akasema pia kwamba uchimbaji haramu ni kazi ya polisi. "Makala hufutwa ikiwa na uongo," alisema. "Nionyeshe uongo." Nikamwambia haina uongo, na hiyo ndiyo shida yenyewe, kila namba ndani yake ni kweli. Nikamwambia abadilishe jedwali tu basi, apunguze tarakimu, aombe wale wengine wafanye vivyo hivyo. Akasema wakaguzi wa orodha wako katikati ya kazi, na jarida linalochezea data baada ya kuchapisha haliingizwi popote. Ugali ulikuwa mezani, ukitoa mvuke, mrenda kando yake. Nikamuuliza kama angesema hivyo kama chemchemi ingekuwa ya mama yake. Hapo ndipo alipogeuka, akaacha kioo, akanitazama kwa macho yake mwenyewe. "Chukua vitu vyako," alisema. Nikachukua. Mama Lydia alinifuata mpaka langoni na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, nikakikataa, na hilo naliona lilikuwa ukatili kwake, kwa kuwa hakuwa amenifanya lolote.

Jarida liliingizwa kwenye orodha. Oti alinieleza kwamba walikula keki. Mutua alipata kazi yake ya chuo, na alipoipata akaacha kushika simu zangu. Nilisikia kwa wengine kwamba kilima kimepasuliwa upande mmoja na maji yamepotea, kwamba wachimbaji waliondoka walipokosa mawe zaidi. Sikujua mengine. Mimi nilienda kufundisha jiografia katika shule ya upili hapa Eastlands, na nafundisha mpaka leo, na wanafunzi wangu wananiogopa kidogo. Makala iko bado kwenye mtandao. Huwa naifungua mara moja moja. Ndiyo iliyosomwa kuliko zote.

Na ndivyo mwendeshaji wa ibada alivyosema kule kanisani, kwa fahari, kipaza sauti mkononi. Alisema tunaye leo mwandishi wa makala iliyosomwa kuliko zote katika jarida la Profesa, akaomba aje aseme machache. Mtu akainuka upande wa pili, amenenepa, ana mvi, na sikumtambua mpaka alipoanza kutembea. Nilijua atakachosema, nilikuwa nimekisema kichwani mwangu kwa niaba yake miaka hii yote, na nilitaka akiseme mbele ya zile suti. Nilikaa ukingoni mwa kiti nikisubiri amtukane marehemu.

"Bwana asifiwe," alisema Mutua, kanisa likaitikia. "Ni kweli makala yangu ilisomwa. Ningependa niwaambie kuhusu wasomaji wa kwanza kufika kwetu. Sikuwepo, nilisimuliwa na mama yangu. Walikuwa wanaume wanne. Walikuja na kile chombo cha kuonyesha mahali, kikawaleta mpaka katikati ya kunde zake. Walikuwa na makala. Mama hasomi Kizungu, lakini jina langu analijua likiandikwa, kwa sababu alinifundisha yeye kuliandika. Akaliona hapo juu. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba watu wa mbali watasoma kazi yangu, kwa hivyo alijua hawa ndio wale. Akawakaribisha. Akawachinjia kuku. Aliwauliza kama mimi ni mtu wa bidii kazini, wakamwambia ndiyo, sana. Walipokula wakashiba wakamwambia wanataka udongo kidogo wa pale juu, wa kuendeleza utafiti wa mwanawe, ila hawakubeba kifaa. Mama akaenda ndani akawaletea jembe lake. Kisha akatangulia mbele kuwaonyesha njia, kwa sababu kichaka kilikuwa kimefunga."

Mwendeshaji alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, lakini Mama Lydia, aliyekuwa safu ya kwanza na kitambaa cheusi kichwani, alisimama, na mjane akisimama katika ibada ya mumewe hakuna wa kumketisha. Alimgeukia Mutua.

"Mwanangu," alisema, "mama yako yuko wapi sasa?"

"Yuko kwangu, Kayole," Mutua alisema. "Ananunua maji ya mtungi."